Ndege ndogo za mafunzo na mtihani wa anga ya Njombe

WAKATI Kampuni ya Ndege Tanzania (ATCL) ikipokea ndege mpya moja baada ya nyingine tangu mwaka 2016, swali la nani atakayezirusha liliendelea kujibiwa nje ya mipaka. Kwa miaka mingi kijana wa Kitanzania aliyetamani urubani alilazimika kwenda Soroti nchini Uganda, Afrika Kusini, Ethiopia au Marekani, kwa ada ambayo familia nyingi haziwezi hata kuiota. Kwa hiyo hatua ya Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT) kujipatia ndege za mafunzo aina ya Cessna 172, kupitia mradi unaofadhiliwa na Benki ya Dunia, imepokewa kwa faraja, na kwa haki kabisa.

Faraja hiyo hata hivyo inakuja na hesabu yake. Ndege ya mafunzo yenye injini moja ni chombo kinachosamehe makosa mengi kuliko ndege nyingine, lakini husamehe kwa masharti: ardhi iwe karibu na usawa wa bahari, upepo uwe wa wastani, na mbele ya njia ya kurukia kuwe na uwazi. Masharti hayo hupatikana Dar es Salaam na Tanga. Njombe na Makambako hayapatikani, au hupatikana kwa saa chache tu za siku.

Kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) zinamtaka mwanafunzi wa leseni ya awali afanye peke yake safari isiyopungua kilomita 270, akitua katika viwanja viwili tofauti. Kwa anayetafuta leseni ya biashara, safari hiyo ni kilomita 540. Kutoka Dar es Salaam hadi Makambako kwa mstari ulionyooka ni zaidi ya kilomita 500. Baada ya leseni kuna kukusanya saa za kuruka, na hapo rubani mchanga huenda popote panapopatikana kazi: kupeleka daktari, kumbeba mfanyabiashara wa parachichi, kumwahisha mgombea wa ubunge. Haiwezekani kumlea rubani wa Tanzania asiyefika Nyanda za Juu Kusini.

Takwimu za Marekani, nchi yenye ndege ndogo nyingi kuliko nyingine yoyote, zimeonyesha kwa miongo kadhaa kuwa karibu robo tatu ya ajali za ndege hizo hutokana na rubani mwenyewe, si na mtambo. Ajali nyingi zaidi za wanafunzi hutokea wakati wa kutua, nazo kwa kawaida huishia kwenye gurudumu lililovunjika na aibu ya wiki moja. Zinazoua ni chache, na karibu zote zinafanana: ndege kupoteza mwendo ikiwa karibu na ardhi, kuingia mawinguni bila maandalizi, na injini kuzimika wakati rubani hajajiandaa kuikosa.

Jambo ambalo takwimu hizo hazisemi waziwazi ni jinsi mwinuko unavyoyageuza makosa ya kawaida kuwa makosa makubwa. Hapa ndipo Njombe inapohitaji kuzungumziwa kwa kina.

Mji wa Njombe uko karibu mita 1,950 juu ya usawa wa bahari, sawa na futi 6,400 kwa kipimo wanachotumia marubani. Kwa vipimo vya kawaida vya anga, mahali penye mwinuko huo panatarajiwa kuwa na joto la nyuzi 2 hivi. Mchana wa Novemba, kabla mvua hazijatulia, joto linaweza kufika nyuzi 22 na hakuna atakayeshangaa. Hewa iliyopata joto hutanuka na kuwa nyepesi, na kwa kanuni inayofundishwa darasani kila nyuzi moja ya ziada ni sawa na kuongeza futi 120 za mwinuko. Nyuzi 20 za ziada ni futi 2,400. Injini, pangaboi na mabawa, vyote vitatu, hufanya kazi kana kwamba kiwanja kimehamishiwa futi 8,800.

Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila futi 1,000. Injini ya nguvu farasi 160 iliyomzoesha mwanafunzi kule pwani inabakiwa na nguvu farasi 120 au pungufu kidogo. Pangaboi nalo linapiga hewa haba, na bawa linahitaji kukimbizwa zaidi ardhini kabla halijakubali kubeba. Umbali ambao ndege inautumia hadi kuvuka kimo cha miti unakaribia kuwa mara mbili ya ule wa Dar es Salaam, na baada ya hapo inapanda kwa uvivu, wakati vilima havisogei.

Wengi hudhani kuwa Makambako, kwa kuwa iko chini ya Njombe kwa mita 300 hivi, ni rahisi zaidi. Hesabu haikubaliani nao. Makambako ina joto zaidi, na siku ya nyuzi 26 hewa yake inalingana na ile ya futi 8,000 na ushei. Tofauti ya miji hiyo miwili, ambayo abiria wa basi huihisi kwa kuvaa koti, kwa injini ya ndege ni ndogo mno. Zaidi ya hayo Makambako ina upepo ambao hauhitaji kuelezwa kwa mkazi wake yeyote. Wawekezaji wa umeme wa upepo hawakuichagua kwa bahati.

Kuna kosa moja dogo ambalo humtambulisha rubani wa pwani mara anapofika huku. Ndege ndogo ina mkono wa kurekebisha mchanganyiko wa mafuta na hewa. Karibu na bahari mwanafunzi hufundishwa kuusukuma mpaka mwisho kabla ya kuruka, na baada ya mara hamsini mkono wake hufanya hivyo wenyewe. Katika kiwanja cha futi 6,400, kitendo kilekile huizamisha injini kwenye mafuta mengi kuliko hewa iliyopo. Injini haizimiki. Inanguruma kwa uzito, inatoa nguvu pungufu zaidi ya ile iliyokwisha punguzwa na mwinuko, na rubani aliyekwisha kutumia nusu ya njia ya kurukia anajiambia kuwa pengine ndivyo ilivyo kwenye milima. Dawa yake ni kuuvuta mkono huo taratibu kabla ya kuanza kukimbia, hadi injini iitike vizuri. Ni somo la dakika moja, lakini mtu aliyejifunzia usawa wa bahari anaweza kulisoma kitabuni na asilifanye hata siku moja kwa mkono wake.

Kutua nako kuna mtego wake, na huu ni wa macho. Kipimo cha mwendo ndani ya ndege hupima msukumo wa hewa, hivyo namba ya kutulia ni ileile Dar es Salaam na Njombe. Lakini katika hewa nyepesi, ndege inayoonyesha namba hiyo inakwenda kwa kasi zaidi juu ya ardhi, kwa takriban asilimia 14 katika mchana wa Novemba uliotajwa. Mwanafunzi anatazama nje, anaona nyumba na miti ikimpita mbio kuliko alivyozoea, na mwili wake wote unamwambia kuwa amezidisha mwendo. Anapunguza nguvu, anainua pua. Kipimo kilikuwa sahihi, macho ndiyo yaliyodanganywa, na sasa ndege iko chini ya mwendo inaouhitaji.

Linalofuata ndilo linaloua zaidi katika ndege hizi duniani kote. Bawa hubeba kwa sababu hewa inapita juu yake kwa utulivu. Likiinuliwa kwa pembe kubwa mno, hewa hujitenga nalo na uwezo wa kubeba hupotea ghafla. Katika kimo cha futi 3,000 juu ya ardhi hili ni zoezi la kawaida: mwanafunzi anashusha pua, anaongeza nguvu, na ndege inarudi katika hali yake baada ya kupoteza futi mia chache. Katika kona ya mwisho ya kuelekea kiwanjani, futi 400 juu ya paa za watu, hakuna futi mia chache za kupoteza.

Kona hiyo ndipo upepo wa Makambako unapoingia. Upepo ukiisukuma ndege kutoka nyuma wakati wa kukata kona, ndege inapitiliza mstari wa njia ya kutulia. Rubani anajaribu kuurudia kwa kukanyaga kanyagio la mkia, kwa sababu anaogopa kulaza bawa karibu na ardhi. Bawa la ndani linapungua mwendo kuliko la nje na linaacha kubeba la kwanza. Ndege inajipindua na kuanza kuzunguka kama pia. Hakuna mkufunzi anayeweza kuizuia kutoka kimo hicho. Tiba pekee hupatikana sekunde ishirini kabla: rubani akiona amepitiliza, aongeze nguvu, anyanyuke, azunguke tena. Mafuta ya mzunguko mmoja wa ziada ni bei ndogo sana, lakini vijana wengi huona haya kurudia mbele ya watu waliosimama chini wakitazama.

Injini kuzimika ndilo jambo ambalo abiria huliogopa zaidi, na lipo. Ila sehemu kubwa ya injini zinazozimika hazina ubovu wowote. Zimeishiwa mafuta, au mafuta yapo katika tangi moja na rubani amesahau kuhamia jingine, au maji yameingia kwenye tangi usiku na hayakuchujwa asubuhi. Kwa ndege za zamani zenye kabureta, kama Cessna 150 na nyingi za Piper, kuna adui mwingine anayeishi Njombe kuanzia Juni hadi Agosti: unyevu. Hewa inaponyonywa kupitia koo la kabureta hupoa kwa ghafla, na unyevu uliomo huganda kuwa barafu hata kama nje ni nyuzi 15. Nguvu hupungua polepole, rubani anaongeza mkono wa mafuta bila kujua sababu, hadi barafu inapoziba. Kuna kifaa cha kupeleka hewa ya moto kwenye kabureta kwa ajili hiyo, na kinapaswa kutumika mapema, kabla injini haijapoa kiasi cha kukosa moto wa kutoa. Ndege mpya zaidi, zinazopuliza mafuta moja kwa moja, haziugui ugonjwa huu, na ni vyema wanunuzi wa ndege za mafunzo wakalizingatia hilo kuliko rangi.

Injini ikizimika mara baada ya kuruka, mwanadamu hutamani kugeuka na kurudi alikotoka. Kugeuka huko kunahitaji kimo ambacho ndege haijakipata, hasa ile inayopanda kwa uvivu wa Njombe. Walimu duniani kote hufundisha kutua mbele, kwenye shamba lolote lililopo, hata likiwa la viazi. Wanaotii huharibu ndege na kwa kawaida hutoka wakitembea.

Kisha kuna barabara ya Makambako kwenda Njombe. Rubani asiyetumia vifaa vya kurukia mawinguni hufuata vitu anavyoviona, na nyanda za juu zimempa alama nzuri kuliko sehemu nyingi za nchi: barabara kuu ya Tanzania na Zambia, na reli ya TAZARA. Kwa anayetokea Iringa, barabara hiyo humfikisha Makambako bila shida. Akiendelea mbele kwenda Mbeya anakuwa na bonde la Usangu kuliani na ukuta wa milima ya Kipengere kushotoni. Anayekwenda Njombe hukata kushoto na kufuata barabara ya Songea kwa kilomita zipatazo 60, kama dakika 20 za Cessna.

Katika dakika hizo 20 ardhi inapanda mita 300. Mawingu hayapandi pamoja nayo. Rubani aliyeondoka Makambako akiwa na nafasi ya kutosha kati yake na wingu anaiona ikipungua kidogokidogo, na kwa kuwa inapungua kidogokidogo hapati wakati mmoja wa kushtuka. Barabara bado iko chini yake. Anashuka kidogo ili aendelee kuiona. Anapofikiria kugeuka, kilima kimeziba kulia na wingu limefunga nyuma.

Mwaka 1954 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani waliwachukua watu 20 wasio na mafunzo ya kuruka kwa vifaa pekee, wakawaweka katika hali ya kutoona nje. Wote 20 waliishia kupoteza udhibiti wa ndege. Wastani wa muda waliodumu ulikuwa sekunde 178. Kwa mwendo wa Cessna ya mafunzo, sekunde 178 ni kilomita 9 hivi, yaani hata robo ya njia kati ya Makambako na Njombe haijafika. Sikio la ndani la mwanadamu, linalompa mizani anapotembea, humdanganya akiwa angani gizani au mawinguni. Ndege inageuka na yeye anaapa kuwa imenyooka.

Afrika Mashariki imelipia somo la milima kwa gharama kubwa. Novemba 15, 2017, Cessna Caravan ya injini moja iliyokuwa ikielekea Seronera kutoka Kilimanjaro ilianguka eneo la kreta ya Empakaai, na watu wote 11 waliokuwamo wakafa. Juni 5, 2018, ndege ya aina hiyohiyo kutoka Kitale kwenda Nairobi iligonga safu ya Aberdare nchini Kenya, na wote 10 wakapoteza maisha. Hizo zilikuwa ndege za abiria zenye injini ya turbini, imara kuliko za mafunzo kwa mbali, zikiendeshwa na marubani wa kulipwa.

Njombe yenyewe ina kumbukumbu yake. Alhamisi ya Oktoba 15, 2015, siku kumi kabla ya uchaguzi mkuu, helikopta iliyokuwa imetoka Dar es Salaam kuelekea mkoani humo ilianguka katika Pori la Akiba la Selous, na Deo Filikunjombe aliyekuwa akitetea ubunge wa Ludewa akafa pamoja na rubani na abiria wengine wawili. Helikopta si ndege ya mafunzo, lakini msiba ule ulifanya watu wa Njombe waanze kuuliza maswali ambayo awali yalikuwa ya wataalamu tu: iliondoka saa ngapi, hali ya hewa ilikuwaje, na nani aliyekuwa na mamlaka ya kusema isiondoke.

Swali la mwisho ndilo gumu zaidi katika mazingira ya Kitanzania. Rubani mwenye umri wa miaka 23 anayemwambia mheshimiwa kwamba safari haiwezekani, wakati umati umekwisha kusanyika uwanjani, anahitaji ujasiri ambao hauko katika mtaala wowote. Vilevile mwanafunzi anayemwona mkufunzi wake akikosea mara nyingi hunyamaza, kwa heshima aliyolelewa nayo. Mashirika makubwa ya ndege hufundisha makusudi msaidizi amkosoe nahodha. Shule za ndege ndogo zingeweza kuanza na hilo siku ya kwanza, kwa kuwa tabia iliyokomaa kwenye Cessna ndiyo itakayohamia kwenye Airbus.

Hatari nyingine hutoka kwa wanaotumia anga hiyohiyo. Machi 5, 2024, ndege ya abiria aina ya Dash 8 iliyokuwa na watu 44, ikielekea Diani kutoka Wilson jijini Nairobi, iligongana angani na Cessna 172 ya mafunzo. Dash 8 ilirudi salama. Mwanafunzi na mkufunzi waliokuwa katika Cessna walifariki. Wilson ina mnara wa kuongozea ndege. Viwanja vingi vya mikoani Tanzania havina, na usalama wake hutegemea kila rubani kutangaza kwenye redio alipo na kuwa na macho nje. Vingi havina uzio pia, na njia ya kurukia hugeuka njia ya mkato ya wenda kwa miguu, baiskeli na ng'ombe. Ndege wa porini nao wamo: Januari 10, 1959, mtafiti Mjerumani Michael Grzimek alikufa baada ya ndege yake ya injini moja kugongana na tai mzoga katika eneo la Serengeti na Ngorongoro. Alikuwa ameizoea anga ile kuliko karibu mtu mwingine yeyote.

Kiwanja cha Njombe kimo miongoni mwa vilivyotajwa katika mipango ya serikali ya kuboresha viwanja vya mikoa, na kila mwaka wa bajeti wabunge huuliza kuhusu lami. Lami ni muhimu. Hata hivyo, kwa mafunzo, vipo vitu vya bei nafuu zaidi vinavyopaswa kutangulia: uzio, mfuko wa kuonyesha upepo uliosimama mahali unapoonekana, na kituo cha kupima hali ya hewa kinachompa rubani aliye Iringa taarifa ya wingu la Njombe la dakika hiyo, si la asubuhi. Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA) ingeweza pia kuzitaka shule kumrusha kila mwanafunzi na mkufunzi katika kiwanja cha juu ya futi 5,000 kabla ya kumruhusu kwenda huko peke yake. Gharama ya zoezi hilo ni saa chache za ndege.

Taarifa za uchunguzi nazo zinahitaji kuwafikia wanafunzi. Kiambatisho cha 13 cha mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga kinataka taarifa ya awali itolewe ndani ya siku 30 na ya mwisho, ikiwezekana, ndani ya miezi 12, na kinasisitiza kuwa lengo ni kuzuia ajali nyingine, si kumtafuta wa kulaumiwa. Taarifa hizo zikiandikwa kwa Kiswahili chepesi na kusomwa darasani, mwanafunzi wa Mabibo atajifunza kutokana na kreta ya Empakaai bila kulazimika kuifikia.

Mpaka hayo yafanyike, ratiba ndiyo kinga iliyo mkononi mwa kila mkufunzi. Msimu wa baridi ukungu wa Njombe hauna haraka ya kuondoka asubuhi, na nafasi ya kuruka ni finyu kati ya ukungu huo na upepo wa alasiri. Msimu wa joto, anayempeleka mwanafunzi huko kwa mara ya kwanza anapaswa kuwa ametua kabla ya saa nne asubuhi, akiwa na mafuta ya kurudi Iringa bila kujaza. Saa nne ikimkuta bado yuko Iringa, alale Iringa.